Swichi ya Mwisho wa Banda

Kalekye,

Nikiinua kichwa hapa mezani naona taa ya bandani bado inawaka. Wewe pia unaiona, kwa sababu dirisha lako linatazama huko huko, na najua hujalala. Ulisema tukila, mbele ya mama yako: "Leo mimi sizimi, baba. Ukizima wewe, asubuhi naenda. Nikiamka nipate bado inawaka, narudisha nguo kwa kabati, na hiyo maneno imeisha." Kisha ukamaliza muthokoi wako taratibu, ukaosha sahani, ukaingia chumbani. Mama yako hakunitetea. Alisema tu, "Umesikia," akaenda kupiga pasi nguo zako.

Basi nimechukua karatasi. Mama yako amepita hapa akaniuliza kama naandika au najificha. Nimemwambia ni yote mawili.

Mambo ya blanketi, ya nauli, ya joto la Mutomo na maji ya kuchemsha ameshayasema yeye, na atayarudia kesho dereva akipiga honi. Mimi sitayagusa. Mwaka jana ulipata nafasi hii ya kusomea uuguzi huko Mutomo ukaiacha, ukasema huna haraka. Mwaka huu umeipata tena, na juzi nilikusikia jikoni ukimwambia mama yako, "Nikienda, nani atazima taa?" Hukujua nimesimama mlangoni. Mtu mzima, mzee wa kanisa, fundi wa mawe aliyejenga nusu ya nyumba za upande huu wa Mbooni, nilisimama pale na ndoo ya maziwa nikiona aibu mpaka masikio yakapata moto. Mtoto wangu anataka kuacha maisha yake kwa sababu mimi naogopa giza la banda nililolijenga kwa mikono yangu.

Nimeliandika. Sasa naweza kuendelea.

Susu yako, mama yangu, yule uliyebeba jina lake, hakuwahi kuwasha taa kukamua. Nilimnunulia taa ya mafuta akaitundika nje, akasema inaleta wadudu kwenye maziwa. Alikuwa akiingia bandani kabla ya alfajiri, anashusha kivila chake kutoka kwenye msumari, kile kigoda cha miguu mitatu, anakaa, anaegemeza paji la uso kwenye ubavu wa ng'ombe. Macho yake yalipoharibika na mtoto wa jicho hakuna kilichobadilika, kwa sababu hakuwa akiyatumia hata mwanzo. Wakati wote aliimba wimbo mmoja wa kanisani kwa puani, bila maneno, maana mdomo ulikuwa umefunga mbaki, tumbaku yake ya kusaga, ambayo kanisa halikuwa na habari nayo au lilijifanya halina. Ng'ombe wakimsikia tu anakuja, maziwa yalianza kudondoka kabla hajawagusa.

Alifia pale pale. Ulikuwa na miaka kumi na tulikuzuia usiingie, kwa hivyo hili hujalisikia kutoka kwangu. Asubuhi ile hakurudi na ndoo. Nilimkuta amekaa kwenye kivila, paji la uso limeegemea ubavu wa Jumapili, yule ng'ombe wetu aliyezaliwa watu wakiwa ibadani. Mikono yake ilikuwa bado kwenye chuchu. Ndoo ilikuwa imejaa. Jumapili, ambaye hawezi kuvumilia hata nzi mmoja, hakuwa amesogeza mguu. Tulipomwinua Susu, yule ng'ombe alishusha pumzi ndefu, na wengine wote wakalala chini kwa pamoja, kama watu kanisani wakiambiwa wakae.

Nilikirudisha kivila kwenye msumari wake. Mpaka leo mimi nakamua nikikalia debe.

Miezi kadhaa baadaye afisa wa mifugo alifanya mkutano na wafugaji kule Kikima, na mimi nikaenda kwa sababu maziwa yalikuwa yamepungua tangu mazishi. Alikuwa mama mmoja mfupi, asiyependa mzaha. Alituambia kwamba hapa kwetu mchana na usiku hugawana karibu sawa mwaka mzima, lakini ng'ombe wa maziwa akiongezewa mwanga jioni mpaka siku yake ifike masaa kumi na sita, kisha apewe giza la kweli, mwili wake huamini kuna neema na huongeza maziwa. Lazima aongezewe chakula na maji pia, kwa sababu atakula zaidi. Taa ziwe na nguvu kiasi kwamba mtu akiinama kwenye usawa wa macho ya ng'ombe aweze kusoma gazeti. Nilipenda hilo la gazeti. Ni kitu fundi anaweza kupima.

Nikanunua sola, betri na balbu, nikafunga mwenyewe. Mama yako alinikuta nimepiga magoti mbele ya Jumapili nikisoma habari za siasa, akauliza, "Baba Kalekye, sasa umeanza kuwaombea ng'ombe?" Ni yeye pia aliyeona kosa la kwanza. Betri niliiweka kwenye stoo ya chakula, mwisho kabisa wa banda, na swichi nikaiweka hapo hapo ili nisitumie waya nyingi. Maana yake ni kwamba kuwasha ni rahisi, unawasha jioni kukiwa bado na mwanga wa jua. Lakini anayezima anajikuta mwisho wa banda, gizani, na ng'ombe wote wako kati yake na mlango. Mama yako akasema, "Hamisha hiyo swichi." Nikamwambia waya haifiki. Waya ilibaki nyingi, Kalekye, iko darini. Wakati huo nilisema hivyo kwa kiburi cha fundi tu, na baadaye sikuihamisha kwa sababu ningeulizwa kwa nini naihamisha.

Jioni ya kwanza nilizima saa nne, kama tulivyofundishwa. Unalijua giza la lile banda, na magunia niliyoyashona pande zote kuzuia baridi. Nilisimama nikingoja macho yazoee, hayakuzoea. Ng'ombe walikuwa wamelala. Nikawasikia wakisimama, mmoja, halafu mwingine, bila haraka. Kisha nikasikia matone. Maziwa yalikuwa yanadondoka kwenye simiti, kwanza upande wa Jumapili, halafu kila upande, na hakuna mtu aliyekuwa anakamua. Harufu ya mbaki ikanipita usoni, mbichi kabisa, kama kopo limefunguliwa chini ya pua yangu.

Niliwasha tochi ya simu. Macho ya ng'ombe yakawaka yote, na yote yalikuwa yanatazama mahali pamoja. Hawakuwa wananitazama mimi. Walikuwa wanatazama kando yangu, chini kidogo, kwenye usawa wa mtu aliyekaa.

Nikabonyeza swichi, taa ikawaka. Hakukuwa na kitu. Kivila kilikuwa msumarini, kinayumba, na mimi sikuwa nimekigusa.

Niliiacha taa ikawaka mpaka asubuhi. Kesho yake vilevile, na kesho kutwa, mpaka ikawa ndiyo desturi. Mama yako nilimwambia nafanya majaribio. Maziwa yalipanda kidogo nikajisifu Kikima nzima, kisha yakarudi yalipokuwa, kisha yakashuka chini ya hapo. Jogoo akaanza kuwika ovyo. Kila asubuhi nilifagia mbawa za nondo chini ya balbu, ukoko mzima. Ng'ombe walisimama usiku kucha wakitazama ukuta, na mchana walitembea kama watu waliosafiri mbali. Kutoka ng'ambo ya bonde watu waliona banda letu linawaka peke yake mlimani, na mama mmoja akaniuliza baada ya ibada kama tuna kesha ambalo kanisa halikutangaziwa. Nilimwita mchungaji aje aombe pale. Alikuja mchana, akaomba vizuri, akanywa chai, na jua lilipoanza kuinama akakumbuka ana kikao.

Jumapili wakati huo alikuwa amekaushwa, hakamuliwi tena, anangoja kuzaa. Naye nilimwacha chini ya ile taa pamoja na wengine. Alizaa salama lakini akatoa maziwa ya kumtosha ndama tu.

Afisa wa mifugo alipokuja kumwangalia, wewe ulikuwa umeshika kamba ya ndama. Nafikiri unakumbuka. Aliangalia juu, akaangalia macho ya ng'ombe, akauliza, "Mzee, hii taa inazimwa saa ngapi?"

"Inategemea," nikasema.

"Inategemea na nini?"

Mama yako akasema, "Haizimwi."

Afisa akanigeukia. "Sasa wewe umeondoa usiku. Hawa ng'ombe hawajui siku imeisha. Taa bila giza haisaidii kitu, ni kuwachosha tu. Na huyu alikuwa amekauka? Huyo ndiye alitaka giza kuliko wote, usiku mrefu, ndio akizaa aone mwanga ni kitu mpya. Zima, mzee. Leo."

Nikasema nitazima.

Sasa nifike pale ambapo sitaki kufika. Unajua kwetu binti wa kwanza huchukua jina la mama ya baba yake, na baba humwita Mwaitu, mama yangu. Nilianza kukuita hivyo ukiwa bado kwenye shali. Kila mtu hapa hufanya hivyo na ni jambo zuri, linamfanya mtu amheshimu mtoto wake. Susu akiwa hai nilikuwa nikiita Mwaitu uani mnaitika wawili, na tulikuwa tunacheka. Alipokufa, neno lilibaki na mtu mmoja tu wa kuliitikia. Sikufikiria hilo. Niliendelea kuita.

Jioni ya siku ile aliyokuja afisa nilisimama kwenye mlango wa jikoni nikitazama banda. Saa nne ilikuwa imepita. Ulikuja ukasimama kando yangu na sweta ya shule, ukaniangalia mpaka ukaona kila kitu, maana watoto huona. Ukasema, "Baba, niende mimi?" Mzazi akiulizwa hivyo na mtoto wa miaka kumi na moja, anajibu hapana, rudi ulale. Mimi nilijibu, "Enda, Mwaitu." Na moyoni niliona nimefanya sawa. Nilijiambia sikumtuma mtoto; namtuma mama yangu kwa mama yangu, wapatane wenyewe. Mtu anaweza kumwomba mama yake chochote. Kwa mtoto wake kuna mambo hawezi kuyaomba, na mimi nilikuwa na mtu mmoja nikimwita kwa jina la yule mwingine.

Taa ikazima. Nikangoja utoke. Hukutoka. Nataka ujue kwamba sikuja kukutafuta. Nilishika fremu ya mlango wa jikoni na sikuja. Baadaye nikasikia wimbo kwa puani, ule ule, bila maneno, na mpaka leo sijui kama ulikuwa wewe. Kisha ukatoka kwenye giza ukitembea polepole, polepole kuliko mtoto anavyotembea, na mkono wako mmoja ulikuwa umeinuka kidogo pembeni, kama mtoto anayeongozwa na mtu mzima. Ulipofika kwenye mwanga wa jikoni ukaushusha.

Ukasema, "Wamelala."

Nikauliza, "Nani?"

"Ng'ombe, baba. Ni nani mwingine?"

Sweta yako ilinuka mbaki. Mama yako aliifua kesho yake na hakuniuliza kitu, nami sikumweleza.

Wiki chache baadaye maziwa yalianza kupanda, na hayakushuka tena. Tuliezeka nyumba upya. Watu walikuja kuangalia banda letu, na mimi nikawaeleza habari za masaa kumi na sita na gazeti kama profesa. Kila jioni saa nne ulienda. Sikukutuma tena kwa mdomo, ulienda tu, na mimi nilisema, "Asante, Mwaitu." Ulifaulu kwenda shule ya bweni, ukachagua ya kutwa pale Kikima, na mimi nikawaambia watu binti yangu anapenda nyumbani. Kwaya ilipoenda Emali kulala huko, ulibaki. Kambi ya vijana, ulibaki. Kila mara nilikuwa na sababu ya kuwapa watu, tena nzuri, na wewe hukuwahi kunikanusha mbele ya watu.

Halafu ukaugua malaria, ile ya mwaka juzi iliyokuangusha kabisa. Mama yako alikuwa amekufunika mablanketi yote. Saa nne ikafika, ikapita, na ng'ombe wakaanza kulia. Hakikuwa kilio cha njaa, nakijua. Walikuwa wanalia kwa zamu, taratibu, wakiita. Nilikaa kwenye kiti hiki. Nikaona mlango wako unafunguka, ukatoka na blanketi mabegani, miguu mitupu, ukijishikilia ukutani, ukapita mbele yangu bila kuniangalia. Nilikuona ukivuka uwanja. Ningeweza kukufikia kwa hatua chache. Taa ikazima, ng'ombe wakanyamaza, ukarudi ukitetemeka, na mimi nikasema asante. Neno lile lile. Mama yako hakuzungumza na mimi kwa siku nyingi, na alikuwa na haki.

Baada ya hapo nilinunua ile taima, ya kuzima yenyewe. Kwa ng'ombe ingetosha kabisa. Unakumbuka jinsi ilivyokwenda. Ilizima, nikakimbia na tochi mkononi nikawasha. Ikazima, nikawasha. Mama yako akasimama uani akasema, "Hii ni banda ama ni disko?" Wewe ulicheka mpaka ukakaa chini. Kisha ukaenda ukaizima kwa mkono wako, na kesho yake nikaitoa. Siku ile ndiyo nilijua kwamba mambo ya maziwa yalikuwa yameisha zamani. Wewe ulikuwa unaniangalia mimi, kama mtu anavyoangalia mgonjwa wa nyumbani.

Huko Mutomo utakuwa na zamu za usiku. Watu wataona mapema kwamba huogopi, na watakuletea woga wao uwashikie. Wenzako watataka ubadilishane nao zamu. Wagonjwa wazee watakuita mama. Wakikuita, itika, haina shida, pengine ndilo neno la mwisho walilobaki nalo. Lakini zamu ikiisha, livue hilo jina pamoja na yunifomu, uende kulala. Mimi sikukupa zamu inayoisha. Na jihadhari na mtu anayekupenda sana akikushukuru kila siku kwa jambo moja. Nilikupenda wakati wote huo, Kalekye, hilo usiwe na wasiwasi nalo, na bado nilikutumia.

Sijawahi kukuuliza huwa unaona nini mle ndani, au huwa unaambiwa nini. Sitauliza leo pia. Nilipokuwa naogopa kuuliza nilijiambia nakuheshimu. Sasa nafikiri ni jambo lako na lake, na kama ukitaka kwenda nalo Mutomo, nenda nalo.

Mama yako amemaliza kupiga pasi. Amesimama nyuma ya kiti changu na hasomi, ila amesema, "Baba Kalekye, mtoto anangoja." Naenda. Simu naiacha hapa mezani ili nisiwe na tochi. Nikirudi nitamalizia.

Nimerudi.

Nilipita katikati ya banda na taa ikiwaka, nikiwagusa ng'ombe mgongoni mmoja mmoja, mpaka kwa Jumapili. Amezeeka, umeona mifupa ya kiuno. Walikuwa wamesimama wote. Niliweka kidole kwenye swichi nikakaa hivyo kwa muda ambao sitakuambia. Kisha nikabonyeza.

Ilikuwa vilevile. Miaka yote hii nilijidanganya kwamba pengine nilikuwa nimechoka siku ile, kwamba ni kifo kilikuwa bado kibichi. Ilikuwa vilevile kabisa. Matone kwenye simiti, upande wa Jumapili kwanza. Harufu. Halafu nikasikia kitu cha mbao kikikwaruza ukuta, karibu na kichwa changu, na miguu ya kivila ikitua chini, na mtu akishusha uzito wake juu yake kwa ule mguno wa mzee anayekaa. Wimbo ukaanza.

Nilitaka kukimbia, na mlango uko mbali, na huo ndio ujinga wangu wa waya. Nikakaa chini kwenye simiti, mgongo ukutani, na nikafanya kile ambacho nimekuwa nikifanya kila nikiogopa. Nikaita, "Mwaitu."

Nilikuwa nakuita wewe. Ni mazoea. Lakini neno lilipotoka nilijua, likiwa bado hewani, kwamba nimeliita mahali pake. Wimbo ulikatika. Ng'ombe hawakupumua. Nikasema tena, polepole, "Mwaitu, ni mimi." Nikamwambia kwamba asubuhi ile aliyokufa nilijua ndoo imekawia na nikageuka upande wa pili nikalala, kwa sababu kulikuwa na baridi. Nikamwambia kwamba namkosa, kwamba hakuna siku nimepita karibu na kile kivila bila kumkosa, na kwamba nilimwachia mtoto akae naye kwa sababu mimi sikuweza kukaa naye nikijua nitaamka asubuhi na hayupo. Nililia, Kalekye. Nililia kwa sauti, mzee wa kanisa mwenye mvi, na pengine ulisikia.

Nilipomaliza nikasikia Jumapili akilala, ule mshindo wa ng'ombe mzito, na pumzi ndefu. Halafu wengine. Kitu kikainuka kutoka kwenye kivila. Kikaja karibu na magoti yangu, polepole, kwa mwendo wa mtu asiyeona lakini anajua njia, na mkono ukanishika kichwani. Ulikuwa baridi na ulikuwa umelowa. Ulikaa pale muda mrefu, ukinipapasa kama alivyokuwa akinipapasa nikiwa mdogo kuliko ulivyokuwa wewe na sweta yako ya shule. Kisha ukaondoka, na nikatoka nikitembea gizani, sikukimbia.

Mama yako alikuwa mlangoni. Alininusa, akanishika nywele, akatazama kiganja chake chini ya taa. Yalikuwa maziwa. Ameniletea taulo, na sasa ameketi hapa karibu nami, na nywele zangu bado hazijakauka.

Nilikuwa nikiita watu wawili kwa neno moja, na aliyekuja kila mara ni wewe, kwa sababu wewe ulikuwa na miguu ya haraka na moyo mzuri. Leo aliyeitwa amekuja. Kwa hivyo sitakuita hivyo tena. Wengine waite watoto wao wanavyopenda, mimi nimelitumia vibaya na nimelirudisha kwa mwenyewe. Wewe ni Kalekye, binti yangu, una miaka kumi na tisa na una gari la asubuhi.

Dirisha lako limekuwa jeusi, maana mwanga wa bandani haulifikii tena, na nimesikia kitanda chako kikilia, ukigeukia ukutani. Lala sasa. Kesho ikifika saa nne usiku, usipige simu kuuliza kama nimezima. Uwe unasoma, au unacheka na wenzako, au umeshalala. Mimi nitakuwa bandani na mama yangu.

Baba yako